Mpatanishi wa Maji na Mafuta

Nazi ikishakunwa kwenye mbuzi na kukamuliwa katika kifumbu, tui la kwanza, kasimile, hutoka jeupe na zito. Anayepika samaki wa kupaka hulichunga tui hilo lisikatike: moto wa wastani, mwiko hausimami. Jirani yake anayetengeneza mafuta ya nazi hubandika kasimile ileile akitaka ikatike upesi, mafuta yaelee juu apate kuyaengua. Kila mmoja anacheza na jambo lilelile. Tui ni matone madogo mno ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na kinachoyazuia yasiungane ni protini za nazi zinazoyavika utando mwembamba. Moto ukifika nyuzi 80 hivi na kupanda, protini hizo hupoteza umbo lake, utando huachia, na mafuta yanakwenda zake.

Mchanganyiko wa namna hii huitwa emalsheni. Maziwa ya ng'ombe ni emalsheni, mayonezi ni emalsheni, na losheni iliyopangwa dukani pembeni ya sabuni ni emalsheni vilevile. Weupe wake hautokani na rangi yoyote iliyotiwa. Maji hayana weupe, mafuta hayana weupe; ni wingi wa matone, mengi yakiwa na upana wa maikromita 1 hadi 10, ndio unaotawanya mwanga kila upande mpaka jicho likaona nyeupe. Vaselini, kwa upande mwingine, haina maji hata tone. Ndiyo maana inapenyeza mwanga, inanata, na inakaa kwenye kabati miaka bila kuharibika wala kujitenga.

Nazi huja na protini zake. Mtu anayeketi jikoni na chupa ya mafuta ya nazi, bakuli la maji ya waridi na nia ya kutengeneza losheni hana hizo protini. Akitikisa chupa kwa nguvu zake zote atapata rangi ya maziwa, na kabla hajatafuta kifuniko mafuta yameanza kupanda juu. Kutikisa kunavunja mafuta kuwa matone, lakini hakuyapi sababu ya kubaki matone. Mafuta yaliyovunjika yana eneo kubwa sana la kugusana na maji, na vitu hivi viwili havipendi kugusana. Yakiungana tena eneo hilo linapungua, mambo yanatulia.

Hapo ndipo anapoingia mpatanishi, ambaye wauzaji wa malighafi za vipodozi humwita emalsifaya. Molekuli yake ina ncha mbili zenye tabia tofauti: kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Ikitiwa kwenye mchanganyiko hujipanga mpakani, mkia umezama kwenye tone la mafuta na kichwa kimebaki majini, na tone zima likafunikwa. Matone mawili yaliyofunikwa hivyo yakigongana hayashikani. Sabuni ni miongoni mwa emalsifaya za zamani mikononi mwa binadamu. Inaondoa samli kwenye sahani kwa njia hiihii.

Kosa linalotembea kutoka jiko hadi jiko, na kutoka video hadi video, ni kudhani kwamba nta ya nyuki ni emalsifaya. Kosa hili linaeleweka. Nta safi, iwe ya Tabora au ya Kitui, huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Ikiyeyushwa na mafuta, kisha maji ya uvuguvugu yakamiminwa huku blenda inazunguka, kunatokea krimu nzuri kabisa ya kupigia picha. Kilichotokea ni kwamba nta imeganda na kuyafungia maji ndani. Hakuna kilichopatanishwa. Baada ya siku kadhaa, hasa kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam, krimu huanza kutoa jasho: vitone vya maji hujitokeza juu, na ukiingiza kidole chini unakuta kidimbwi. Nta inafanya uzito, haifanyi upatanisho.

Na mwenye kukosea hapo ana wenzake wakubwa. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2 aliyezaliwa Pergamon na kufanya kazi Roma, ndiye anayehesabiwa kuwa chimbuko la krimu ya nta, mafuta ya zeituni na maji ya waridi. Ilipopakwa, maji yalitoka na kuyeyuka hewani, ngozi ikahisi ubaridi. Waingereza wakaiita krimu baridi na jina likabaki. Kwa karne nyingi wafamasia waliisaga upya kila ilipohitajika, kwa sababu haikudumu. Dawa ya tatizo ilipatikana katika karne ya 19 kwa kuongeza boraksi. Boraksi ni alikali, nayo nta ya nyuki ina asidi kidogo zilizo huru. Zikikutana hutokea sabuni papo hapo ndani ya sufuria, na sabuni hiyo ndiyo iliyoshika maji na mafuta. Kwa maneno mengine, nta ilikuja kuwa emalsifaya pale tu sehemu yake ilipogeuzwa kuwa kitu kingine. Mapishi hayo ya boraksi bado yamejaa katika vitabu vya zamani. Afadhali yaachwe humo: Umoja wa Ulaya umeiondoa boraksi kwenye vipodozi baada ya kuiweka katika kundi la kemikali zinazohatarisha uzazi.

Hamburg, Ujerumani, walipita njia nyingine. Mkemia Isaac Lifschütz alitenga kutoka kwenye mafuta ya sufu ya kondoo kitu alichokiita Eucerit, chenye uwezo wa kushikilia maji mengi ndani ya mafuta. Oscar Troplowitz, mwenye kampuni ya Beiersdorf, alikiona kitu hicho na akaona biashara. Akishauriana na daktari wa ngozi Paul Gerson Unna, alitoa krimu ya Nivea mwaka 1911. Kopo la bluu linalojulikana Afrika Mashariki nzima lilikuja baadaye, mwaka 1925.

Krimu hiyo ina jambo moja la kuangalia kwa makini. Matone yake ni ya maji, yamezungukwa na mafuta. Kinyume cha losheni ya kawaida, ambamo matone ni ya mafuta nayo yamezungukwa na maji. Tofauti hiyo huhisiwa na ngozi kabla ya kuelezwa na kitabu. Aina ya kwanza ni nzito, inang'aa, inakaa, inafaa visigino vilivyopasuka na baridi kali ya Makete au Limuru. Ya pili ni nyepesi, inatoweka, inafaa mwili mzima na nchi ya joto. Anayetaka kujua krimu aliyonayo ni ya upande gani atie kidogo kwenye glasi ya maji na kukoroga: ikitawanyika na kuyafanya maji kuwa meupe, maji ndiyo yaliyo nje. Ikibaki bonge linaloelea, mafuta ndiyo yaliyo nje.

Mwaka 1913 Mmarekani Wilder Bancroft alikuwa ameshatoa kanuni inayotabiri jambo hili: kile ambacho emalsifaya inayeyuka ndani yake zaidi, maji au mafuta, ndicho kitakachokaa nje. Kilichokosekana ni namba. Namba zilitoka mahali ambapo hakuna angetarajia, katika kampuni ya Atlas Powder ya Marekani, iliyozaliwa mwaka 1912 ikiwa kampuni ya baruti. Mwaka 1949 mkemia wake William Griffin alizipanga emalsifaya kwenye skeli aliyoiita HLB, kuanzia 0 hadi 20. Zenye 3 hadi 6 hupenda mafuta, hutoa krimu za mafuta nje. Zenye 8 hadi 18 hupenda maji, hutoa losheni. Uzuri wa skeli hiyo ni kwamba namba zinachanganyika kwa hesabu ya kawaida. Emalsifaya iitwayo Span 80 ina 4.3, nyingine iitwayo Tween 80 ina 15. Mafuta unayotumia yakihitaji emalsifaya ya namba 10, sehemu 53 za Tween na 47 za Span zitakufikisha hapo. Tena mara nyingi emalsifaya mbili zilizochanganywa hivyo hushika vizuri kuliko moja iliyo peke yake na namba ileile, kwa kuwa molekuli za maumbo tofauti hubanana vizuri zaidi mpakani.

Mtengenezaji wa nyumbani hahitaji kupiga hesabu hizo kila Jumamosi. Viwanda vimeshazifanya na kuuza mchanganyiko uliokamilika, vipande au chenga nyeupe zinazofanana na nta. Iliyoenea zaidi ni nta ya emalsifaya ambayo kifurushi chake huandikwa cetearyl alcohol na polysorbate 60. Msomaji anayejiepusha na pombe asishtushwe na jina la kwanza: hiyo alkoholi ni kitu kigumu cheupe kitokanacho na mafuta, mara nyingi ya mawese au nazi, na haina undugu na kileo zaidi ya jina la kikemia. Anayejali uhalali wa malighafi ana swali la maana zaidi la kumuuliza muuzaji, iwapo asidi ya steariki na glyceryl stearate zake zimetoka kwenye mimea au kwenye mafuta ya mnyama. Zote mbili zipo sokoni.

Kuna nta nyingine inayofanana nayo kwa macho lakini si ndugu yake. Famakopia ya Uingereza ina nta ya emalsifaya iliyojengwa juu ya sodium lauryl sulfate, povu lilelile la shampuu, na nta hiyo ndiyo inayoshika ile krimu ya maji ambayo madaktari waliwaandikia wagonjwa wenye pumu ya ngozi kwa miaka mingi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath waliwapaka watu wenye ngozi nzima krimu hiyo kwa wiki kadhaa, wakakuta tabaka la juu la ngozi limepungua unene. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, ikatoa tahadhari kwamba inaweza kuwasha na kuchoma, hasa kwa watoto wenye ugonjwa huo, ikiachwa mwilini kama losheni. Emalsifaya haiondoki kazi yake ikiisha. Inabaki kwenye ngozi pamoja na mafuta yake, na ikiwa ina tabia ya kusafisha, itaendelea kusafisha. Kwa hiyo lebo isomwe kabla ya bei.

Sasa sufuria. Losheni ya gramu 100 ya kujifunzia inaweza kuwa na gramu 74 za maji yaliyochujwa au kuchemshwa, 4 za gliserini, 16 za mafuta, 5 za nta ya emalsifaya na 1 ya kihifadhi. Mafuta ni uchaguzi wa mtu na mahali. Ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 au 25, kwa hiyo losheni inayomiminika Tanga itakuwa nzito Njombe mwezi Julai. Siagi ya shea ya kaskazini mwa Uganda, ya Lango na Acholi, ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi kwa sababu ina asidi ya oleiki zaidi, na inaingia kwenye losheni bila kuacha punje. Nta ya emalsifaya hukadiriwa kwa robo ya vitu vyote vya mafuta, yenyewe ikiwemo ndani ya hesabu. Gramu 5 katika 21 ziko karibu sana na kipimo hicho. Vyote vipimwe kwa mizani. Kijiko kimoja cha nta iliyokatwa vipande vikubwa na kijiko kimoja cha nta ya chenga ni vipimo viwili tofauti, na losheni nyingi hukatika kwa sababu ya vijiko.

Maji na gliserini hukaa kwenye chombo kimoja, mafuta na nta kwenye kingine, vyote ndani ya sufuria pana yenye maji yanayochemka polepole, mpaka kila kimoja kifike nyuzi 70 hadi 75. Wengi huyeyusha mafuta tu na kumwaga maji ya bomba yaliyo baridi. Nta hukutana na maji hayo, huganda kabla haijapata muda wa kujipanga mpakani, na matokeo yake ni uji wenye punje. Maji ya moto hupungua kwa mvuke, kwa hiyo yapimwe tena kabla ya kumiminwa na kilichopungua kirudishwe.

Kisha ni kazi ya blenda ya mkono. Hiyo ina sababu yake ya kifizikia: kasi ya tone kupanda juu inafuata mraba wa ukubwa wake, hivyo tone likipunguzwa kuwa nusu, mwendo wake unashuka kuwa robo. Mchapo wa mayai hautoi matone madogo kiasi hicho. Kichwa cha blenda kizamishwe chote, kisivute hewa, kifanye kazi kwa vipindi vifupi. Kisha mwiko uchukue nafasi, taratibu, mpaka joto lishuke chini ya 40. Hapo ndipo kihifadhi na marashi huingia, maana moto mkali huvifukuza au kuviharibu.

Losheni ikiwa bado ya moto ni nyepesi kama maziwa, na hapa wengi hukosa subira. Wanaongeza nta. Nta za aina hii hujenga mtandao wake zinapopoa, kazi inayoendelea hata siku nzima. Kilichokuwa chepesi jioni kitakuwa losheni kamili asubuhi, na kilichoongezwa nta kitakuwa kigumu kama sabuni ya kipande.

Anayetaka uzito bila nta zaidi ana malighafi karibu na nyumbani. Mwani unaolimwa kibiashara Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hasa spinosum wa Paje na Jambiani, hutoa karajini, utomvu unaoyafanya maji kuwa mazito. Maji mazito huchelewesha matone kupanda. Utomvu huo hauchukui nafasi ya emalsifaya, lakini ukiwa msaidizi wake losheni hudumu muda mrefu zaidi.

Ndimu ni adui asiyeshukiwa. Krimu zilizoshikwa na sabuni, zile za asidi ya steariki na alikali zilizovuma tangu mwishoni mwa karne ya 19, hukatika zikitiwa juisi ya ndimu, kwani asidi huirudisha sabuni kuwa mafuta. Vivyo hivyo emalsifaya zenye chaji chanya, kama BTMS inayopendwa na watengenezaji wa vilainisha nywele, hugombana na zenye chaji hasi kama sodium lauryl sulfate. Zikiwekwa pamoja hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuyasahau mafuta.

Kukatika, hata hivyo, ni hasara inayoonekana. Iliyo mbaya zaidi haionekani. Tangu maji yalipoingia kwenye chupa, bakteria na ukungu wamepata nyumba, na sukari za mshubiri au maji ya mchele yanayoongezwa kwa nia njema ni chakula chao. Kiwango cha kimataifa cha ISO 17516 kinaruhusu krimu ya kawaida iwe na vijidudu visivyozidi 1,000 kwa gramu, na 100 tu kwa bidhaa za watoto wadogo na za macho. Krimu ya nyumbani isiyo na kihifadhi hupita hapo mbali sana kabla ya harufu au doa la kwanza la ukungu kutokea, na miongoni mwa wageni wanaopenda maji ya namna hiyo yumo Pseudomonas aeruginosa, anayeweza kumpofusha mtu jicho akiingia penye mkwaruzo.

Vitamini E haizuii hilo. Inachelewesha mafuta kuchacha, basi. Mafuta ya karafuu huua vijidudu kwenye maabara, lakini kiasi kinachotosha kulinda losheni ni kiasi kinachotosha kuichoma ngozi. Asali ikishachanganywa na maji mengi inapoteza ulinzi wake. Jokofu linachelewesha, halizuii. Kinachohitajika ni kihifadhi cha vipodozi chenye kipimo kinachojulikana, mfano fenoksiethanoli, ambayo Ulaya inairuhusu mpaka asilimia 1. Neno “kemikali” limewaogopesha watu mpaka wanajipaka vijidudu kwa jina la uasilia, na huo ni ushauri mbaya hata ukitolewa kwa sauti tamu.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kuogopa, tukubali. Krimu ya kuchanganya nyumbani hapa kwetu ina jina baya, mkorogo: zebaki, haidrokwinoni na steroidi za dukani zikitiwa ndani ya losheni ili ngozi ibadilike rangi. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku zebaki na haidrokwinoni kwenye vipodozi, na biashara inaendelea uchochoroni. Madhara ya sumu hizo yameandikwa sana. Lisilosemwa ni kwamba mkorogo ni uharibifu hata kwa hesabu ya emalsheni: losheni mbili zenye emalsifaya tofauti zikikorogwa pamoja, utando wa matone huvurugika na vihifadhi vya kila moja vikapungua nguvu, kwa hiyo mnunuzi hupata sumu isiyosambaa sawasawa ndani ya chupa iliyoanza kuoza.

Moshi kuna mfano wa kinyume. Katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC hutengenezwa Kilisun, krimu ya kinga ya jua kwa watu wenye ualbino, kazi iliyoanzishwa na mfamasia Mhispania Mafalda Soto kwa msaada wa kitaalamu wa kampuni ya BASF ya Ujerumani. Kwa krimu ya namna hiyo emalsifaya ni suala la maisha, kwa kuwa matone yakikusanyika upande mmoja, kichujio cha jua hukusanyika nayo. Bega moja likapata kinga na jingine likaungua, na saratani ya ngozi ndiyo inayosubiri. Ndiyo maana krimu ya jua haitengenezwi jikoni, hata na mwenye mikono mizuri. Haina namna ya kupimwa pale.

Losheni ya kawaida inaweza kupimwa kidogo. Chupa moja ikae jokofuni usiku, itoke ikae kwenye joto mchana, irudi tena, mara tatu hivi. Ikibaki sawa bila maji chini wala mafuta juu, imeshika. Anayetaka kuuza ana hatua nyingine, kwani tangu mwaka 2019 vipodozi Tanzania Bara viko chini ya shirika la viwango, TBS, na lazima visajiliwe. Asiye na mizani, kipimajoto na kihifadhi aache maji kabisa. Ayeyushe sehemu moja ya nta ya nyuki katika sehemu nne za mafuta ya nazi au shea, amimine kwenye kopo kavu, na atapata marhamu isiyohitaji emalsifaya wala kihifadhi, mradi vidole vinavyoingia humo viwe vikavu.